Kilio Kilichosubiri Zabibu

Mtoto alikufa Alhamisi saa sita mchana, na zabibu zilikuwa zivunwe Jumatatu.

Ungemwuliza Clemensi kipi kilimjia kwanza kichwani, angekujibu kwamba ni huzuni, maana Clemensi ni katekista, na katekista huwa na jibu la kila swali. Lakini macho yake yalitoka kitandani, yakapita dirishani, yakaenda kutua kwenye mistari ya mizabibu iliyoinamishwa na mzigo wake. Mkewe Lukresia aliyaona yakienda.

"Baba Silvanus," akamwambia, "rudi humu ndani."

"Nimo humu."

"Wewe humo."

Clemensi alikuwa ameitwa mbio kutoka shambani ili abatize. Lukresia alikuwa barabarani akitafuta bodaboda ya kuwapeleka zahanati, na padre yuko Karatu mjini, kwa hiyo ilibidi awe yeye. Akaingia chumba cha mkamwana wake kwa mara ya kwanza tangu uzazi, jambo ambalo baba mkwe hafanyi, akachota maji kwa bilauri anayoonjea divai, akammwagia mtoto kichwani na kumwita Angela. Alipomaliza kusema amina, mtoto hakuwa na haja tena ya bodaboda. Alikuwa ameishi siku kumi na moja.

Eunike, mama yake, alikuwa amemshika vilevile. Hajalia bado. Alikuwa akimtazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kusema.

Clemensi akamvuta mkewe nje, nyuma ya chumba cha divai.

"Leo Alhamisi," akasema kwa sauti ya chini. "Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Jumatatu tunavuna. Siku nne, Mama Silvanus. Mzazi haonwi na mtu. Nani atajua?"

"Mungu."

"Mungu anajua tayari. Nazungumzia majirani."

Lukresia alielewa haraka kuliko alivyopenda. Wairaqw, wenyeji wa huko, wana desturi yao inaitwa metimani. Nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga hutengwa kwa miezi. Hakuna anayeingia, na wenye nyumba hawaingii kwa wenzao. Hakuna kupeana moto, hakuna kupeana chumvi, hakuna kunywa nao kibuyu kimoja, na maziwa ya mama aliyefiwa ndiyo mwiko mkubwa kuliko yote. Kanisa lilipokuja lilisema mambo hayo yamekwisha. Watu wakaitikia amina, wakaendelea kuzunguka njia ya mbali.

"Si wewe unayewafundisha kila Jumapili kwamba metimani ni giza?" Lukresia akauliza.

"Nawafundisha. Sijasema wamenielewa."

"Na wewe mwenyewe?"

Clemensi akachuma zabibu moja kwenye tawi lililochungulia ukutani, akaitia mdomoni, akaitafuna mpaka mbegu. Mbegu ilikuwa ya kahawia, ngumu, inavunjika kama karanga. Hicho ndicho kipimo chake. Mbegu ikiwa bado ya kijani, unangoja. Ikishavunjika hivyo, hungoji hata bibi harusi.

*

Mizabibu ya bonde la Baray haipumziki yenyewe kama ile ya nchi za baridi. Huku jua haliendi likizo. Mzabibu ukiuachia maji utatoa majani mwaka mzima, maneno mengi bila kitendo, na zabibu usizione. Kwa hiyo mkulima huulaza kwa nguvu. Mvua za masika zikikatika, Clemensi huziba mfereji wake, akawaachia wenye vitunguu zamu yake ya maji, nao humcheka: mtu gani huyu anayelinyima shamba lake maji? Mzabibu hukaa na kiu mpaka majani yawe manjano. Kisha huuamsha kwa mkasi. Kila tawi hukatwa karibu na shina, yakabaki macho mawili tu ya kuchipulia, na kwenye yale macho mawili ndipo hutoka mwaka mzima wa nyumba yake: karo, sabuni, mabati, sadaka.

Tangu siku ya mkasi huhesabu. Ikifika siku ya mia na kumi au kupita kidogo, zimeiva, na zikishaiva hazina subira. Jua huzikausha, na ndege aina ya kwelea hutua kwa maelfu kama wamealikwa. Watu watatu hawawezi kuvuna ekari mbili. Watu arobaini wanaweza, kwa siku moja, wakila makande ya mwenye shamba, naye atawalipa kwa jasho lake wakati wa vitunguu vyao. Ndivyo wanavyoalikana kazi huko. Clemensi alikwishawaalika. Na watu arobaini wasingekanyaga nyumba yenye metimani hata kama zabibu zingekuwa za dhahabu.

Mtoto alizikwa mchana ule ule, saa nane, wakati jua limewaingiza watu wote majumbani. Clemensi alichimba mwenyewe nyuma ya nyumba. Mtu mmoja alipita barabarani na punda, akapaza sauti, "Mwalimu, unachimba choo?" Clemensi akajibu, "Ndiyo." Lukresia, aliyekuwa amekaa chini na mtoto mapajani amemfunika kwa khanga, aliinamisha kichwa. Katika miaka thelathini na minne ya ndoa alimsikia mumewe akisema uongo mwingi mdogo mdogo, na mwingine aliucheka. Huo hakuucheka.

Halafu ikabidi mtu aseme na Eunike.

Eunike alikuwa na miaka ishirini na miwili, Mmasai wa Nainokanoka, kule juu kwenye baridi, ambako ng'ombe huamka na umande mgongoni. Hakuwa na mwaka mzima Baray. Joto lilikuwa halijamzoea, na Kiiraqw alijua maneno kumi, saba kati yake ya jikoni. Clemensi alisimama mlangoni kwake, nusu amempa mgongo kwa heshima.

"Mwanangu," akasema, "Jumanne tutamlilia. Watu wote watakuja. Nitapiga kengele ya kigango mimi mwenyewe. Nakuomba siku nne."

"Siku nne nifanye nini, Baba?"

"Usilie."

"Hata kidogo?"

"Kwa sauti, yaani."

Eunike akafikiri. Maziwa yalikuwa yamelowesha gauni lake sehemu mbili, akayaziba kwa mikono kama mtu aliyekutwa na kosa.

"Ni kwa sababu ya zabibu?" akauliza.

"Ni kwa sababu ya nyumba hii."

"Silvanus ameambiwa?"

"Ataambiwa."

Eunike hakuambiwa chochote kuhusu metimani. Clemensi aliona kwamba ni habari ndefu, na kwamba mgeni hawezi kuielewa. Alimficha jambo moja tu, na ndilo lililomharibia yote.

*

Silvanus, mume wa Eunike, alikuwa mpishi kwenye kambi ya watalii huko Ololosokwan. Mtandao aliupata juu ya kichuguu kimoja tu, na kichuguu hicho kilikuwa na foleni. Jumamosi alasiri ilifika zamu yake.

"Baba, shikamoo! Mtoto hajambo?"

"Marahaba. Huku kwema. Kesho kutwa tunavuna."

"Eti ana nywele? Mama alisema ana nywele nyingi."

"Anazo."

"Mpe simu Eunike basi."

"Wamelala."

"Wote?"

"Wote," akasema Clemensi, akajikuta amekaa chini kwenye gunia la chupa bila kukusudia. "Njoo wiki ijayo, mwanangu. Usijisumbue sasa."

Jumapili aliongoza ibada kigangoni, kwenye kanisa dogo la kijiji. Mahubiri yake, ambayo kwa kawaida huchukua dakika hamsini na kuwapeleka wazee usingizini wakarudi, yalichukua dakika tisa. Watu walimshukuru Mungu kwa neema hiyo. Nje walimpa mkono, wakampongeza kwa mjukuu, na mama mmoja akamtwika mafungu mawili ya kuni za kumkandia mzazi. Clemensi alizibeba kichwani mpaka nyumbani, mwanaume mzima na joho lake la ukatekista, na kila aliyemwona alisema: tazama babu anavyompenda mjukuu.

*

Jumatatu walikuja. Walikuja na visu, mikasi, ndoo, masinia, vikapu vya mianzi, na midomo yao.

"Mwalimu, zabibu tunakula ngapi na kukutilia ngapi kwenye ndoo?" aliuliza mzee Tluway, ambaye alikuwa na meno manne na kila jino lilikuwa na kazi.

"Kula utakazo, mzee. Shida yako ni mbegu."

"Mbegu nazimeza. Nikifa, pandeni matango juu ya kaburi langu, muone kama hayatatoa divai."

Wanawake walicheka mpaka mstari wa pili. Kila mmoja alishika mstari wake. Kishada kinashikwa kwa chini kama titi la mbuzi, kinakatwa kikonyo, kinalazwa, hakitupwi. Kikitupwa kinapasuka na kuanza kuchacha kabla ya wakati. Clemensi alipita nyuma yao akisema, "Taratibu, taratibu, hizo si viazi," kama alivyosema kila mwaka, nao walimwigiza kila mwaka. Kufikia saa nne walikuwa wamemaliza robo ya shamba, na ndoo zilikuwa zimepangwa njiani, nyeusi, zinang'aa. Kwa muda, tuseme ukweli, Clemensi alifurahi. Alisahau. Alikumbuka tena alipoona kuni za yule mama zimeegemea ukuta.

Lukresia hakupata nafasi ya kusahau. Alikuwa jikoni kwenye sufuria ya makande, na kila aliyepita kunywa maji aliacha kitu.

"Mama Silvanus, hii siagi ya mzazi."

"Asante, mwanangu."

"Ananyonya vizuri?"

"Mh."

"Ameshapewa jina?"

"Angela," akasema Lukresia. Hilo angalau lilikuwa kweli, akaling'ang'ania.

Tluway alizunguka mpaka kwenye dirisha la Eunike, lililofungwa kwa pazia, akapaza salamu kwa Kimasai chake cha mnadani: "Takwenya!"

Sauti ndogo ikajibu kutoka ndani: "Iko."

"Mnasikia?" Tluway akawageukia watu. "Babu zetu na babu zao waliibiana ng'ombe miaka mia. Sasa sisi tumeiba wa mwisho. Na hatumrudishi!"

Eunike alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Kando yake palikuwa na sweta la Clemensi limeviringishwa ndani ya shali ya mtoto, kazi ya Lukresia, endapo mtu angechungulia. Tangu Alhamisi hakuwa amelia. Alikuwa ameweka ahadi, na kwao mtu akiahidi kwa baba mkwe ameahidi. Matiti yalikuwa magumu kama mawe ya jikoni na yalimuuma mpaka kwapani.

Hapo ndipo mtoto alipolia.

Alikuwa ni Adrian, wa miezi mitano, mtoto wa Evarista, jirani wa ng'ambo ya mfereji. Mama yake alikuwa amemlaza barazani kwenye kivuli, juu ya gunia, ili aweze kuvuna kwa mikono miwili. Alikuwa mstari wa mwisho kabisa, na kelele za watu zilikuwa nyingi, hakusikia. Adrian alilia kwa hasira, kisha kwa njaa, kisha kwa kile kilio cha mtoto anayedhani dunia imemwacha. Maziwa ya Eunike yakaanza kutiririka yenyewe.

Alingoja. Alihesabu mpaka ishirini, kwa Kiswahili, kisha kwa Kimasai. Hakuna aliyekuja. Kwao Nainokanoka mtoto hana haja ya kulia hivyo mbele ya mwanamke mwenye maziwa. Yeyote aliye karibu humwinua, na hakuna anayeuliza wa nani. Akafungua mlango, akamchukua, akarudi naye ndani. Adrian akashika titi kama aliyekuwa akilidai.

Evarista alipokuja, jasho likimtoka, alikuta gunia tupu. Kisha akasikia sauti ya kunyonya nyuma ya mlango, akausukuma, akaangua kicheko.

"Mwizi we! Kumbe ana mama wawili!" Akajitupa kwenye kigoda. "Asante, ndugu yangu. Mimi yangu yamekauka kwa hili jua. Wewe unayo ya kutosha mapacha." Akasogea kitandani. "Hebu nimwone na mimi huyo Angela, ili wakikua tuwaoze."

"Amelala," akasema Eunike.

"Simwamshi. Nachungulia tu."

Akafunua shali kwa kidole kimoja.

Sweta lilikuwa la kijivu, limetoboka kiwiko. Evarista alilitazama kwa muda. Akalibonyeza. Kisha akamtazama Eunike, aliyekuwa ameinamia kichwa cha Adrian, na machozi yakimwagika bila sauti yoyote, kama alivyoahidi.

"Lini?" Evarista akanong'ona.

"Alhamisi."

"Na umemnyonyesha mwanangu."

"Alikuwa analia," akasema Eunike.

Hakujua kosa lake ni nini. Evarista aliliona hilo usoni kwake, ndiyo maana hakumpiga. Alimchomoa mtoto kifuani, Adrian akapiga kelele, akatoka naye.

*

Hapakuwa na ugomvi. Ingekuwa afadhali ungekuwepo. Evarista alisimama mwanzo wa mistari, mtoto begani, akasema sentensi mbili kwa Kiiraqw, si kwa sauti kubwa. Zikapita kutoka mdomo hadi mdomo mpaka mwisho wa shamba, na popote zilipofika visu vilisimama.

Walioshika ndoo waliziweka chini palepale. Aliyekuwa na kishada mkononi alikilaza juu ya majani taratibu, kama alivyofundishwa. Walikwenda mferejini, upande wa chini maji yanakotokea shambani humo, wakanawa mikono mpaka viwiko. Makande yalikuwa yameiva, sahani arobaini zimepangwa. Hakuna aliyeigusa hata moja.

Clemensi alikuwa amesimama katikati ya njia.

"Ndugu zangu," akasema. "Ndugu zangu, sisi ni Wakristo."

"Ni kweli," akajibu Tluway. Utani ulikuwa umemtoka wote, akaonekana mzee kuliko asubuhi. "Ndiyo maana tungekuzikia. Ulitualika kwenye kazi, Clemensi, au kwenye msiba? Ungesema msiba, tungelia na wewe kwa mbali, halafu tungetafuta namna. Hata Wakatoliki wa mjini tungewaomba waje wakuvunie. Wewe umetuingiza ndani umetufunga macho."

Akaondoka, akiwa amebeba kikapu chake kitupu mgongoni.

Saa saba kivuli cha kwanza cha kwelea kilipita juu ya shamba. Eunike alitoka nje. Alikuwa hajaliona jua siku kumi na tano, akalizibia kwa kiganja. Akamwendea Clemensi, aliyekuwa akijaribu kubeba ndoo tatu kwa mikono miwili.

"Jumanne ni kesho, Baba," akamwambia.

Clemensi akaweka ndoo moja chini.

"Kengele utapiga?"

"Nitapiga."

Alipiga. Usimwonee, alipiga. Jumanne asubuhi alikwenda kigangoni, akalivuta lile jembe lililoning'inizwa kwenye mti wa mjohoro liwe kengele, akaligonga kama wanavyogonga kwa msiba, polepole, mpaka mkono ukafa ganzi. Eunike na Lukresia walikaa barazani kwenye mkeka uliotandikwa kwa ajili ya watu wengi. Walikaa mpaka kivuli kikauhama mkeka. Hakuna aliyekuja. Hata mbwa wa jirani, ambaye huja kila siku, siku hiyo hakuja.

*

Zabibu hazikujua habari hizo. Ndoo zilizobaki njiani zilianza kunuka utamu, nyuki wakajaa. Clemensi na mkewe walivuna walichoweza. Kilichobaki kililiwa na ndege, nao walikula kwa fujo, wakitoboa kila kishada na kutokimaliza hata kimoja. Clemensi aliponda kwa miguu ndani ya pipa la bluu, suruali imekunjwa, peke yake, kazi ambayo miaka yote hufanywa na watu watano wakiimba. Kufikia siku ya tatu pipa lilianza kuchemka lenyewe. Makapi yalipanda juu, na kila baada ya saa nne ilibidi ayashindilie chini kwa mti, la sivyo yanashika ukungu. Akafanya hivyo. Alikuwa anajua kuitunza divai.

Paroko, ambaye hununua kwa Clemensi divai yake ya misa, alipiga simu. Alikuwa amesikia. Alisema kwa upole kwamba desturi hiyo haina nguvu mbele ya msalaba, na kwamba isitoshe divai ya misa huinywa yeye mwenyewe, waamini hawaigusi, kwa hiyo hakuna wa kudhurika. Ila halmashauri ya parokia imenung'unika kidogo. Basi mwaka huu, kwa ajili ya amani, wataagiza Dodoma. Clemensi akasema, "Asante, Padre," mara mbili, kama mtu aliyepewa kitu.

Silvanus aliingia Alhamisi, vumbi la Loliondo bado kwenye kope. Mama yake alikuwa amempigia. Alikaa na mkewe chumbani nusu siku, kisha akaja kwenye chumba cha divai, akasimama mlangoni.

"Uliniambia ana nywele."

"Alikuwa nazo," akasema baba yake, akishindilia.

"Uliniambia wamelala."

Mti uliingia kwenye makapi, ukatoka, ukaingia.

"Baba, weka hicho kitu chini."

"Yatashika ukungu."

Silvanus akacheka kicheko kimoja kikavu kama kikohozi. "Nampeleka kwao," akasema. "Mama yake atakaa naye. Hapa hana wa kulia naye. Evarista mwenyewe ametengwa, unajua? Mama mkwe wake amemtoa na mtoto, amewaweka kwenye banda la vitunguu. Hakuna anayempa kibarua. Kwa sababu ya matone ya maziwa."

Clemensi hakujua hilo. Alikuwa hajatoka nyumbani tangu Jumanne. Akauacha mti ukiwa umesimama wenyewe ndani ya makapi.

Jumamosi asubuhi waliondoka. Eunike alimsogelea baba mkwe wake, akainamisha kichwa ili amguse utosini, kama inavyompasa binti kwa mzee. Clemensi akamgusa.

"Kuna kitu nataka, Baba," akasema akiwa bado ameinama.

"Sema."

"Waendee mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Waambie Angela alikuwepo."

*

Alikwenda siku hiyo hiyo, kabla vumbi la gari halijatua. Hakuvaa joho. Kwenye nyumba ya kwanza alijikuta amesimama nje, mbali na uzio, mahali hasa ambapo mtu wa metimani husimama. Miaka ishirini alikuwa akiwaambia watu kwamba mahali hapo hapapo.

"Mjukuu wangu alikufa," akasema kwa kupaza sauti. "Angela. Alhamisi ile. Nikawaficha. Nisameheni."

Mwenye nyumba akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua vitunguu.

Kwa Tluway ilibidi aseme mara tatu.

"Sisikii!" mzee akapiga kelele kutoka kwenye kivuli chake. "Sema kwa nguvu!"

Tluway alisikia vizuri. Anasikia sarafu ikianguka kwenye mchanga. Lakini Clemensi akasema kwa nguvu, na mara ya tatu sauti yake ikapasuka katikati, ndipo mzee akasema, "Sasa nimesikia," akashika kofia yake mkononi.

Evarista alikuwa wa mwisho. Banda la vitunguu lilikuwa la fito, jua likipenya kila mahali. Alikuwa nje akiosha nepi, Adrian mgongoni. Alipomwona, hakuacha kuosha.

"Baki hapohapo, Mwalimu."

"Nimebaki."

"Nimeshasikia unavyopiga kelele kijijini. Sema na yangu."

Akasema. Akaongeza: "Wewe nimekukosea kuliko wote. Yule binti hakujua. Mimi ndiye sikumwambia."

"Najua hakujua." Evarista akakamua nepi, akaitandaza kwenye mwiba. "Aliishi siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Alifanana na nani?"

Clemensi akafungua mdomo. Siku zote kumi na moja alikuwa shambani tangu alfajiri akifukuza ndege kwa kopo na mawe. Chumba cha mzazi hakuwa na ruhusa ya kuingia, na hakuiomba. Mara moja tu aliingia, na mara hiyo alitazama maji yasimwagike kitandani. Alijaribu kuuona uso. Aliona bilauri.

"Sikumtazama," akasema.

Alisimama pale kwenye jua, mikono ikiwa imepakwa zambarau mpaka vifundoni, rangi ambayo haitoki kwa sabuni yoyote. Evarista akamtazama sana. Kisha akakaa chini, palepale kwenye tope la maji ya nepi, akavuta khanga mpaka usoni, akaanza kulia. Hakumlilia Clemensi. Alimwita mtoto kwa jina, Angela wee, Angela, kwa ile sauti ndefu ambayo wanawake huko huianza kifuani na kuiachia ivuke mto. Adrian akashtuka mgongoni, akalia naye.

Majirani walikuwa wamemtenga Evarista, hawakuweza kumsogelea. Lakini kilio hakina uzio. Mama mkwe wake akakiitikia akiwa mlangoni kwake. Kikavuka mfereji. Wanawake waliokuwa wameinama kwenye vitunguu waliinuka mmoja mmoja, kila mmoja akibaki kwenye tuta lake, wakalia kutoka hapo walipo, mpaka bonde lote likawa limemshika mtoto ambaye hakuna hata mmoja wao aliyemwona.

Clemensi alitoa simu mfukoni. Haikuwa na salio. Akambipu Silvanus. Ikaita tena kwake baada ya muda mfupi.

"Baba? Tuko Njia Panda, tunangoja gari la kupanda Nainokanoka. Kuna nini?"

Clemensi aliinua mkono wake juu kadiri alivyoweza, simu ikielekea bondeni.

"Baba? Kelele gani hizo? Baba!"

Kule Njia Panda, kando ya kibanda cha chips, Eunike aliitoa simu mkononi mwa mumewe taratibu, akaiweka sikioni. Alisikiliza. Akageuza uso kuelekea Baray, akakaa chini kwenye begi lake, na kwa mara ya kwanza akalia kwa sauti, barabarani, watu wakiangalia.

Gari la Nainokanoka likaja, likasimama. Kondakta akawaita mara mbili. Eunike, simu bado sikioni, alimwinulia mkono, bila kumtazama, kwamba lipite.